Chanjo ya saratani inayotokana na chembe zako mwenyewe: maswali yenu

Swali: Shikamoo daktari. Chanjo si ya mtu ambaye hajaugua? Mgonjwa wa saratani anachanjwa nini tena? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Tanzania ilianza kuwapa wasichana nchi nzima mwaka 2018, inamkinga mtu kabla kirusi hakijamfikia. Hii nyingine ni tiba, ila inapita njia ya chanjo: inaionyesha kinga ya mwili sura ya adui. Saratani inatokana na seli zetu wenyewe, ndiyo maana mara nyingi kinga inaipita bila kuishtukia.

Swali: Nasikia wanachukua damu yako, wanaichemsha, wanakurudishia. Kweli? (Mombasa)

Hawachemshi kitu! Chukua mfano wa Provenge, chanjo ya aina hii iliyoidhinishwa Marekani Aprili 2010 kwa saratani ya tezi dume iliyosambaa na isiyosikia tena matibabu ya homoni, kwa wagonjwa wasio na maumivu au wenye maumivu madogo. Mgonjwa anaunganishwa na mashine kwa saa tatu, nne hivi. Chembe nyeupe zinachujwa, damu iliyobaki inamrudia. Mfuko unakwenda kiwandani. Huko chembe zinachanganywa na protini yenye sehemu mbili: moja ni PAP, ambayo hupatikana zaidi kwenye tezi dume, na ya pili inazichangamsha seli za dendritiki, zile zinazobeba kipande cha adui na kukionyesha kwa askari wa mwili. Siku kama tatu baadaye zinarudishwa kwa dripu. Zoezi zima linafanywa mara tatu, kila baada ya wiki mbili hivi. Na dozi ikishafungashwa ina saa 18 tu. Ndege ikichelewa mno, mgonjwa anaanza upya kutolewa chembe.

Swali: Baba yuko kwa kaka Houston, amemaliza dozi zote tatu lakini PSA haijashuka. Tumeliwa? (Dar es Salaam)

La. Kwa dawa hii PSA, kipimo cha damu cha kufuatilia tezi dume, haishuki kwa wagonjwa wengi, na uvimbe haupungui kwa urahisi. Faida yake ilionekana kwenye urefu wa maisha. Katika utafiti wa wanaume 512, nusu ya waliopewa waliishi zaidi ya miezi 25.8, kwa wasiopewa ilikuwa miezi 21.7. Madaktari wamebishana sana juu ya hilo: dawa inarefushaje maisha na vipimo haviguswi? Hata mimi jambo hilo linanisumbua, ila matokeo ya utafiti ndiyo hayo. Msimpime baba kwa PSA peke yake.

Swali: Tuuze kiwanja tumpeleke mzee nje? (Morogoro)

Msikimbilie. Ilipoanza kuuzwa, dozi tatu zilikuwa dola 93,000, kwa nyongeza ya miezi minne hivi ya maisha. Ulaya iliidhinishwa 2013, ikaondolewa 2015, baada ya kampuni iliyoitengeneza kufilisika. Kwanza ulizeni kama mzee ameshapata matibabu ya homoni, iwe sindano au upasuaji wa kuondoa korodani. Mionzi ipo Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam. Na akitokea wakala wa kliniki ya nje anayeahidi “chanjo ya dendritiki” kwa kila saratani, mwambieni aandike jina la dawa na mamlaka iliyoiidhinisha kwa saratani hiyo hasa. Akianza kuzungukazunguka, kiwanja kibaki.

Swali: Ni kweli mgunduzi wa seli za dendritiki alijitibu mwenyewe?

Kweli. Ralph Steinman alizieleza seli za dendritiki mwaka 1973 akiwa na Zanvil Cohn, New York. Mwaka 2007 akakutwa na saratani ya kongosho, akajaribu chanjo zilizotengenezwa kwa seli zake, pamoja na dawa za kawaida za saratani. Aliishi zaidi ya miaka minne, muda mrefu kwa ugonjwa ule, lakini mtu mmoja hathibitishi dawa. Alifariki Septemba 30, 2011. Siku tatu baadaye akatangazwa mshindi wa Nobel. Kamati haikuwa na habari za kifo chake, na tuzo ikaachwa ibaki yake.

Swali: Madhara yake?

Baridi ya kutetemesha, homa, uchovu, maumivu ya mgongo na kichwa. Kwa wengi huisha ndani ya siku mbili.

Swali: Mimi na kaka tuna ugonjwa mmoja. Chembe zangu zinaweza kumfaa? (Kigoma)

Hapana. Mwili wake utaziona ngeni na kuzishambulia. Kila mfuko unabeba jina la mwenyewe na hukaguliwa kabla ya dripu kufunguliwa.