Jani la saa moja asubuhi

Mwanangu Neema,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema balbu iligoma kuwaka mbele ya darasa zima na mkufunzi akiwa amekaa nyuma, sasa unaniuliza kama na mimi niliwahi kuumbuka hivyo, na watoto niliwaambia nini. Niliwahi. Nilichowaambia ndicho kimenifanya nisikusimulie miaka yote hii.

Ilikuwa 1986, hapa hapa Njombe, mazoezi ya kufundisha, darasa la sita, kipindi cha kwanza. Somo usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Andalio la somo nililiandika kwa kibatari mpaka dakika za kufuta ubao nimezipangia. Saa moja asubuhi, ukungu haujainuka, nikachuma majani ya maharage nyuma ya ofisi, yanachuruzika umande.

Darasani nikachemsha jani, nikalitia kwenye spiriti iliyokaa ndani ya maji moto (spiriti usiiweke juu ya moto hata siku moja, inalipuka), likapauka kama karatasi iliyolowa. Nikalisuuza, nikalitandaza kwenye kisahani, nikadondosha iodini. Kitabu kinasema jani lenye wanga hugeuka bluu-nyeusi. Langu likabaki kahawia kama chai ya rangi. Nikaongeza matone. Kahawia.

Nikageukia ubao: "Andikeni, jani limegeuka bluu-nyeusi." Watoto sitini na kitu wakainama. Mmoja wa dawati la mwisho akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona kahawia?" Nikamwambia akae chini, anachelewesha wenzake.

Mkufunzi aliyekuja kunikagua hakunisema. Tulipotoka nje akaniuliza tu jani nimelichuma saa ngapi, akaenda zake. Swali lile lilinikera mpaka jioni, ndipo likaniingia. Wanga hutengenezwa mchana, jua likiwepo. Usiku mmea huugeuza sukari na kuusambaza kwenye mizizi na kwingineko. Jani la alfajiri, ungekuta nini ndani yake? Jaribio halikuwa na kosa. Kosa ni kwamba niliwaandikisha watoto wa watu kitu ambacho hawakukiona.

Nikaomba kipindi cha pili kiwe mchana. Safari hii majani mawili: moja nililifunika kwa karatasi nyeusi siku mbili likiwa kwenye mmea, jingine limeshinda juani. Nikamwita yule wa nyuma adondoshe iodini mwenyewe. La juani likaiva weusi taratibu, kuanzia kingo. La gizani likabaki kahawia. Ndipo nikawaambia wafute walichoandika juzi. Wote wakafuta kasoro yeye. Nikaenda kuchungulia daftari lake: "Kahawia." Nikaweka vema, nikapita. Kuomba radhi sikuweza, nilikuwa na miaka ishirini na moja na kiburi cha viatu vipya.

Kwa hiyo Jumatatu usiifiche hiyo balbu. Ingia nayo hivyo hivyo, uwape watoto waitafutie ugonjwa. Mara nyingi plastiki ya waya haijakwanguliwa vizuri kwenye ncha, au betri zimewekwa chanya kwa chanya. Wakikwama, waache wakwame kidogo kabla hujaingilia.

Betri mpya nne nimempa kondakta wa basi la kesho. Zimo kwenye kiroba cha maparachichi, chini kabisa, kwa hiyo usigawe kiroba kabla ya kupekua.

Mama yako