Apt inakufa kwenye "Reading package lists"? Usiguse /var/lib/dpkg

Mkuu, usibonyeze Enter! Hiyo amri uliyopewa ya kuihamisha folda ya /var/lib/dpkg/info na kuunda nyingine tupu, achana nayo kabisa. Umesema apt (programu ya Ubuntu ya kusakinisha na kusasisha vifurushi vya programu) inaanguka na "Segmentation fault" (kosa la kumbukumbu linaloizima ghafla) kila ikifika "Reading package lists", na unauliza kama uhamie toleo jipya la Ubuntu. Tuokoe mashine kwanza.

Mimi nilipewa amri hiyohiyo na mtu aliyeiita dawa ya kila kitu. Niliiendesha, kosa likatoweka, nikamshukuru. Ubaya wake ni huo, haipigi kelele mapema. Ndani ya info kila kifurushi kina orodha ya faili zake (.list) na skripti zinazoendeshwa wakati wa kukisakinisha au kukiondoa (.postinst, .prerm). Ukizitoa, dpkg (chombo ambacho apt hukitumia kusakinisha na kuondoa vifurushi) bado inaamini vifurushi vipo, maana hilo limeandikwa kwingine, kwenye /var/lib/dpkg/status, ila haijui tena faili ipi ni ya nani. Kila unaposakinisha kitu inakumwagia "files list file for package ... missing", mstari kwa kila kifurushi. Ukiondoa programu, jina linafutika lakini faili zinabaki zimezagaa. Huduma inaondolewa ikiwa bado inafanya kazi, kwa kuwa prerm ya kuisimamisha haipo.

Ilibidi nisakinishe upya mfumo mzima kwa apt install --reinstall, kifurushi kwa kifurushi, mamia yao. Vile vya .deb nilivyopakua nje ya hazina rasmi nilivisaka mwenyewe kimoja kimoja. Nikamrudia aliyenishauri, akanijibu nifomati tu. Watu hawa wananikera sana: wanagawa amri za sudo (zenye mamlaka yote ya mfumo) wasizozielewa, na data inayopotea si yao.

Shika hili moja. Vilivyomo /var/cache/apt, apt itavitengeneza au kuvipakua tena yenyewe. Vilivyomo /var/lib/dpkg ni kumbukumbu ya mashine yako peke yako, hakuna seva yoyote yenye nakala yake. Kwa hiyo soma njia ya faili kabla hujaandika rm (amri ya kufuta).

Kuanguka mahali hapo mara nyingi ni kashe (data ya muda ya apt) iliyoharibika:

sudo rm /var/cache/apt/pkgcache.bin /var/cache/apt/srcpkgcache.bin

Kisha sudo apt update. Ikigoma, futa yaliyomo ndani ya /var/lib/apt/lists urudie. Ndiyo, iko /var/lib, lakini ni orodha za apt zinazopakuliwa upya, hazihusiani na dpkg. Angalia na df -h pia, diski au /boot ikijaa sasisho hukatikia njiani. Apt ikishapumua, malizia kwa sudo dpkg --configure -a.

Ukikutana na "Could not get lock", usifute faili ya kufuli. Mara nyingi ni unattended-upgrades (programu inayosasisha mfumo yenyewe) inafanya kazi kimyakimya. Isubiri imalize, maana ukifuta utaruhusu programu mbili ziandike hifadhidata moja kwa pamoja.

Na kabla ya yote hayo, sasa hivi, piga sudo cp -a /var/lib/dpkg /root/dpkg-nakala. Ikianguka tena, weka hapa mistari ya mwisho ya sudo dmesg (ujumbe wa kernel) na /var/log/apt/term.log. Ikianguka kila mara mahali tofauti, pima RAM kwa memtest86+ (programu ya kupima kumbukumbu ya mashine).