Fremu ya jiko la mishkaki imepauka, fanya hivi

Pole ndugu yangu, umesema jiko lako la kuchomea mishkaki linakaa nje huko Raskazoni na fremu imepauka na kuanza kutu, hapo ni jua pamoja na ule upepo wa chumvi, mimi pia niko Tanga langu lilipauka hivyohivyo.

Kosa nililofanya mara ya kwanza nilipaka rangi ya mafuta ya kawaida ya mageti, moto wa kwanza tu ikatoa malengelenge na moshi unanuka vibaya. Tafuta rangi ya kuhimili joto, ile ya nyuzi 600 hivi. Ila kabla ya rangi kazi kubwa ni kusugua, brashi ya waya kwanza halafu msasa mpaka kutu yote itoke, osha mafuta kwa sabuni, suuza na maji baridi ya bomba sio ya bahari jamani, likauke kabisa. Paka nyepesi mara mbili. Ikikauka washa moto mdogo bila nyama ili rangi ikomae.

Wavu na ndani panapogusa chakula usipake kabisa! Vaa barakoa, fanyia uwanjani. Na chuma kikiwa kimeliwa mpaka kinatoboka mpelekee fundi wa kuchomelea.