Jibu: Chapati zinakakamaa zikipoa

Habari dada. Umesema chapati zako zinatoka laini, zikipoa zinakauka kama ngozi, ingawa unga unaukanda mpaka mkono unachoka. Angalia maji kwanza. Donge lisiponata hata kidogo unapoanza kukanda, ni gumu mno.

Mimi kwa nusu kilo ya unga wa ngano naanza na maji ya vuguvugu mililita 300 hivi, chumvi kijiko kidogo, mafuta vijiko vikubwa viwili. Unga haunywi maji sawasawa, kwa hiyo nyongeza naitia kijiko kijiko. Utakunata vidoleni. Hapo ndipo wengi hukimbilia kuongeza unga, na hapo ndipo chapati zinapoharibika! Vumilia, kanda dakika 10, kisha bonyeza kwa kidole: shimo likirudi polepole, acha.

Ufunike kwa kitambaa kibichi nusu saa. Siku niliyosukuma papo hapo kwa haraka, kila chapati ilijivuta ikarudi ndogo, ikaiva nene na ngumu.

Na moto je? Ukiwa mdogo sana chapati inakaa kikaangoni muda mrefu na kukauka. Zikiiva, zipange kwenye hotpoti zikiwa bado moto.