Supu ya mboga ya nusu saa na tosti za jibini: ninavyofanya mimi

Mkuu, umesema supu yako hutoka maji matupu yenye vipande vinavyoelea, na mkate wa jibini unalowa kabla hamjaanza kula. Hayo ni matatizo mawili tofauti. Naanza na supu, maana ndiko kwenye kazi.

Ulivyoeleza, mboga zote unazitumbukiza kwenye maji kwa pamoja, unachemsha, basi. Supu ya hivyo haiwezi kuwa na ladha. Mimi dakika kama kumi za mwanzo situmii tone la maji: siagi kidogo na mafuta, kitunguu kikubwa kilichokatwa vidogo vidogo, karoti mbili, na seleri ikiwepo. Chumvi kidogo naitia hapo hapo. Inazitoa mboga maji yake, zinalainika bila kushika chini. Nafunika, moto wa wastani, nageuza mara moja moja. Kitunguu kiwe laini na king'ae. Kikigeuka kahawia si vibaya, ila hiyo ni supu nyingine kabisa. Kitunguu saumu huingia mwisho, kwa dakika moja tu, kwa sababu kikiungua uchungu wake hauondoki.

Wakati huo maji yawe yameshachemka pembeni, maana ukitia ya baridi unaanza safari upya. Yafunike mboga na kuzidi kidogo tu. Kuongeza maji baadaye ni rahisi, kuyapunguza ni kazi. Kisha viazi viwili, vipande vya sentimita moja. Hapa ndipo haraka inapopatikana: vipande hivyo huiva kwa dakika 10 hadi 12, lakini ukivikata vikubwa, nusu saa yako imekwisha. Nyanya ukizitaka, zisubiri viazi viive, kwani uchachu wake huvichelewesha kulainika. Njegere na zukini dakika nne za mwisho, spinachi ukiwa unazima jiko.

Uzito sitafuti kwenye unga. Naponda baadhi ya viazi kwa mwiko humo humo sufuriani, wanga wake unatosha. Ukipenda blenda, saga theluthi moja tu na uirudishe, mboga zilizobaki ziendelee kuonekana. Ila tafadhali, supu ya moto usijaze blenda zaidi ya nusu, na usizibe kabisa: toa kile kifuniko kidogo cha katikati, weka kitambaa, shikilia. Mvuke hutanuka na unaweza kurusha kifuniko pamoja na supu.

Chumvi ya mwisho onja ukikumbuka kuwa jibini ina chumvi yake, na vile vidonge vya mchuzi vimejaa chumvi. Supu ikionekana imepooza, kabla ya kuongeza chumvi kamulia limau kidogo. Mara nyingi ndicho kilichokosekana.

Sasa mkate. Unalowa kwa sababu unaweka jibini juu ya mkate mbichi. Choma pande zote mbili kwanza mpaka ukauke, na mkate wa jana ni bora kuliko wa leo. Ukiwa bado wa moto usugue kwa punje ya kitunguu saumu iliyokatwa, halafu jibini iliyokwaruzwa isambae mpaka kingoni, la sivyo kingo zitaungua. Rudisha chini ya moto wa juu wa oveni, dakika mbili tatu, na usiondoke hapo. Huna oveni? Kikaango kwenye moto mdogo, funika, jibini itayeyuka kwa joto linalobaki chini ya kifuniko.

Kuhusu aina, mozzarella inavutika vizuri lakini ladha yake ni ya upole, cheddar ina ladha lakini iliyokomaa sana hutoa mafuta ikipata moto mkali. Mimi nachanganya nusu kwa nusu. Jibini ya pakiti iliyokwishakwaruzwa inafaa, ila hupakwa wanga isigandane, kwa hiyo haiyeyuki laini kama ya kipande.

Tosti anza kuzichoma viazi vikiwa vimelainika, si kabla, na kila mtu achovye mwenyewe. Supu ikibaki hukaa kwenye friji siku mbili tatu bila shida, itakuwa nzito zaidi, ongeza maji kidogo ukiipasha. Tosti choma mpya.