Barua kwa mwanangu: kuhusu shahamu ya ng'ombe

Mwanangu Baraka,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kuna nini kwenye mafuta ya ng'ombe hata wataalamu wayatumie kutibu mifugo na kukuza nyama maabara, na kama bado ununue ile mitamba miwili, au ufugaji unakwenda kufa.

Unaikumbuka shahamu nyeupe ambayo muuza bucha huipunguza kwa kisu na kuwatupia mbwa? Humo ndani, katikati ya seli za mafuta, zimejificha seli chache ambazo hazijachagua kazi. Ndizo seli shina. Ukizilea vizuri huweza kuwa mafuta, mfupa au gegedu. Unampiga ng'ombe sindano ya ganzi, unachukua kipande kidogo chini ya ngozi, unakikatakata na kukiloweka kwenye kimeng'enya chenye joto la nyuzi 37 mpaka tishu iachane, kisha unazungusha kwenye mashine. Mafuta huelea juu kama krimu ya maziwa. Seli tunazozitaka huzama, na ukizimimina kwenye kisahani cha plastiki hung'ang'ania chini kama ukoko kwenye sufuria.

Kwenye tiba, kazi kubwa ya seli hizi ni kutoa kemikali zinazotuliza uvimbe na kuusaidia mwili ujiponye. Wataalamu wameanza na farasi wanaochechemea na mbwa wenye maumivu ya viungo. Mimi kilichonigusa ni cha Chile: mwaka 2020 watafiti huko walichapisha majaribio ya kuingiza seli shina za shahamu kupitia chuchu za ng'ombe wenye ugonjwa wa kiwele, na bakteria wakapungua.

Niliposoma nikamkumbuka ng'ombe wa mama mmoja hapa Tukuyu. Robo moja ya kiwele imevimba, inachoma ukiigusa, na chuchu inatoa maji ya njano yenye mabonge. Nilimtibu kwa viuavijasumu. Siku zote za dawa, na nyingine baada yake, yule mama alikamua na kumwaga maziwa kwenye migomba, watoto wake wamesimama wanatazama. Ada ya shule ilikuwa kwenye ndoo ile. Seli hizo bado ni utafiti, mwanangu, lakini naziombea kwa moyo wote.

Nyama ni habari nyingine. Tarehe 5 Agosti 2013, Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht alionyesha London baga ya kwanza ya ng'ombe iliyokuzwa maabara: nyuzi za misuli kama 20,000, kwa gharama ya takribani yuro 250,000. Walioionja walisema inakaribia nyama, ila ni kavu. Haikuwa na shahamu hata chembe! Mpishi yeyote wa supu angewaambia utamu unakaa wapi. Sasa wamelielewa hilo, maana Januari 2025 kampuni ya Post, Mosa Meat, iliomba kibali cha Umoja wa Ulaya kwa ajili ya mafuta ya ng'ombe yaliyokuzwa, ya kuchanganywa na vyakula vya mimea.

Lipo jambo lililonikosesha raha. Kwa miaka mingi seli za namna hii zimelishwa seramu, yaani majimaji ya damu ya ndama aliye tumboni, inayokusanywa ng'ombe mwenye mimba anapochinjwa. Nimekagua nyama machinjioni, nimewaona ndama hao wakitolewa, manyoya yamelowa, kwato bado laini kama jibini. Nyama isiyochinja haiwezi kusimama juu ya kitu hicho. Nilifurahi watu wa Mosa Meat walipochapisha, mwaka 2022, njia ya kugeuza seli za ng'ombe kuwa misuli bila seramu.

Kwa hiyo mitamba nunua. Kisahani cha maabara hakikupi maziwa asubuhi wala samadi ya migomba, na tiba nayo itahitaji ng'ombe wa kutibiwa. Ila usinunue kwa kutazama rangi na mwili. Kabla hujatoa hela, omba umwone mama wa kila mtamba akikamuliwa. Mkono wa kwanza wa maziwa ukamuliwe kwenye kikombe cheusi. Ukiona mabonge, rudi nyumbani na pesa zako.

Mama yako