Vifaranga wa Kwanza: Washa Bruda Kabla ya Kutoa Hela

Kabla hujampigia wakala simu, washa bruda, yaani kizimba chenye joto cha kulelea vifaranga, ikiwa tupu, iache usiku mzima, kisha amka saa kumi alfajiri ukaangalie kipimajoto. Hilo ndilo ninalowaambia wote wanaokuja kuniuliza habari za kuanza na vifaranga hamsini au mia, na wengi huniona nawachelewesha. Wameshapiga hesabu ya trei za mayai. Lakini kifaranga wa siku moja hana manyoya, ana malaika tu, vile vinyoya laini, na hawezi kujitengenezea joto la kumtosha. Wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35 pale chini anaposimama, si pale ukutani ulipokitundika kipimajoto. Mwezi wa saba hapa Arusha, alfajiri ya Sakina au Ngaramtoni inaweza kushuka hadi nyuzi 12 au 13. Bruda iliyokuwa inapendeza saa mbili usiku, muda huo ndipo inapojulikana kama ni bruda kweli au ni boksi lenye taa.

Moshi ni habari nyingine. Mjini, kule Pasua au Majengo, mwezi wa pili bati likishika jua la mchana, vifaranga wanaweza kufa kwa joto na taa imezimwa. Panda kidogo tu kwenda Kibosho au Marangu, unakutana na baridi ya migombani. Kwa hiyo ratiba ya nyuzi aliyokuandikia shemeji yako wa mjini isikutawale. Kanuni ya jumla ni kupunguza nyuzi 3 hivi kila wiki mpaka ufike 21, ila wa kukuambia ukweli ni vifaranga wenyewe. Wakirundikana chini ya taa na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia kingoni, mabawa wameyaachia na midomo iko wazi, joto limewazidi. Wakijazana upande mmoja tu, tafuta upepo unapoingilia. Mara nyingi ni chini ya mlango. Ukikuta wametawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala wamejinyoosha kama walevi wa sikukuu, funga mlango ukalale.

Bruda yenyewe iwe ya mviringo. Kwenye kona vifaranga hurundikana usiku, wa chini wakakosa hewa. Karatasi za mbao nyembamba au hata maboksi yaliyounganishwa, kimo cha sentimita 45, vinatosha. Mviringo wenye upana wa mita 1 na nusu unabeba mia kwa wiki ya kwanza, baada ya hapo unaupanua. Chini weka maranda, sentimita 5 au zaidi, na yawe maranda yale ya kujikunja, si vumbi la msumeno, maana vumbi wanalila wakidhani ni chakula. Usiwatandikie gazeti tupu: linateleza, na kifaranga anayeteleza siku za mwanzo miguu humpanuka akashindwa kusimama.

Sasa joto. Umeme ukiwepo, balbu ya joto ya wati 250 ndiyo rahisi kuliko vyote. Ifunge kwa mnyororo au waya wa chuma, isining'inie kwa waya wake wa umeme, na iwe nusu mita hivi juu ya maranda. Balbu ikidondoka kwenye maranda makavu, unaunguza banda na pengine nyumba. Lakini umeme ukikatika saa nane usiku unahitaji akiba, na akiba yetu huku ni mkaa. Washa jiko nje mpaka moshi uishe na mkaa uwe mwekundu wote, uhamishie kwenye chungu, mwagia majivu kiasi juu yake uende polepole, kisha zungushia matofali wasije wakaugusa. Na hapa nisikilize vizuri: mkaa usiotoa moshi bado unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaua vifaranga na inaua watu. Chumba cha bruda lazima kiwe na upenyo karibu na dari, hata nje kukiwa na baridi ya kukata. Usilale chumba kimoja na bruda ya mkaa, wala usiiweke chumba cha watoto eti kwa sababu ndicho kisichoingiza upepo.

Bruda ikishakuridhisha alfajiri, nenda kanunue.

Vifaranga wa huku husafirishwa sana kwenye maboksi ya mia yaliyogawanywa vyumba vinne, na wengine wanapanda basi kutoka Dar es Salaam. Inawezekana kwa sababu kifaranga huanguliwa na kiini cha yai bado kimo tumboni, na kinaweza kumsukuma saa 48, hata 72, bila kula. Hiyo si ruhusa ya kumchelewesha. Muulize wakala wameanguliwa lini, na wamechanjwa Mareksi, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku? Chanjo hiyo ni ya sindano, huchomwa siku ya kwanza palepale kwenye kituo cha kutotolesha. Wewe nyumbani umeshachelewa.

Nenda stendi mwenyewe, usimtume bodaboda. Fungua boksi mbele ya aliyelileta na utoe wachache kutoka kila chumba. Mlaze mmoja chali kiganjani: mzima hujigeuza papo hapo. Mtazame kitovu. Kiwe kimekauka na kufunga, kisiwe cheusi, kisiwe na unyevu wala uzi unaoning'inia. Weka nyayo zake shavuni kwako. Zikiwa za baridi, ujue njiani wamepigwa na upepo. Mwenye kitovu kibichi mrudishe, hata ukiambiwa atapona. Wengi wa namna hiyo hawaimalizi wiki, na wakati huo wanaweza kuwachafulia wenzao.

Aina zina wapenzi wake na sitaki ugomvi. Kwa mtu wa nyumbani anayeanza, mimi ningempa chotara, yaani kuku wa mchanganyiko wa mbegu, iwe Kuroiler wenye asili ya India au Sasso wa Ufaransa, kwa sababu wanavumilia na wana nyama na mayai. Broila, kuku wa nyama, wanakua haraka lakini hawasamehe uzembe. Ila jihadhari na "chotara" wa bei ya kutupa, maana wapo wanaouza majogoo wa kuku wa mayai kwa jina hilo. Kuku wa mayai wa kahawia hutofautiana rangi tangu kuanguliwa: majike huwa kahawia, madume njano iliyopauka. Boksi zima la njano kwa nusu bei lina maelezo yake, yadai.

Wakifika nyumbani, maji kwanza, ya uvuguvugu. Chovya midomo ya wachache, wengine watawaiga. Kama unatumia sahani, weka kokoto ndani yake, maana kifaranga huzama kwenye maji ya kina cha kidole. Baada ya saa moja au mbili ndipo mwaga chakula kwenye trei za mayai au kipande cha boksi. Jioni hiyo, kabla ya kulala, pitisha kidole shingoni kwa vifaranga kumi hivi, pale chini kwenye gole, mfuko wa kuhifadhia chakula. Likiwa limejaa na ni laini, amekula na amekunywa. Likiwa gumu, amekula bila maji. Likiwa tupu, mshike umpeleke kwenye maji mwenyewe.

Chakula kiwe cha vifaranga. Kile cha kuku wanaotaga kina chokaa nyingi inayoharibu figo za mdogo, hata kama gunia la jirani limebaki na anakupa bure. Kifaranga wa mayai hula kilo 2 hivi mpaka wiki ya nane, kwa hiyo hamsini ni mifuko miwili ya kilo 50. Iweke kwenye bajeti kabla hujawapenda.

Chanjo ya kideri, yaani mdondo, wiki ya kwanza, kwa kawaida siku ya 7. Ya gumboro, ugonjwa wa virusi unaoharibu kinga ya kifaranga, siku ya 14 na kurudia kadiri mtaalamu wa mifugo wa kata yako atakavyopanga. Duka la dawa za mifugo wakikupa kichupa bila barafu, kiache. Nenda na chupa ya chai yenye barafu ndani. Chanjo ya kunywesha usiichanganye na maji ya bomba yaliyotiwa dawa, wape kiu saa moja au mbili kabla, na wamalize ndani ya saa mbili. Kichupa huwa cha dozi nyingi na kikishachanganywa hakiwekwi, hivyo mwenye vifaranga thelathini apatane na jirani wachanje siku moja.

Kitu ambacho wauzaji hawakisemi ni siafu. Mvua zikianza, siafu wa migombani hupanda usiku na kuwamaliza vifaranga waliofungiwa wasioweza kukimbia. Inua bruda juu ya miguu, kila mguu uusimamishe kwenye kopo lenye maji na mafuta ya taa kidogo, na usiache nyasi wala kamba inayogusa banda. Panya na vicheche wanazuiwa na wavu wa matundu madogo. Watoto wa nyumbani wataka kuwabusu vifaranga. Wafundishe kunawa kwa sabuni kila wanapowagusa, maana kifaranga anayeonekana mzima anaweza kubeba vijidudu vya kuharisha.

Joto lipunguze kwa kuzima mchana kwanza, usiku ukiendelea kuwasha. Manyoya yakishafunika mgongo na kifua, kwa kawaida wiki ya nne, wa Moshi mjini wanaweza kulala bila taa. Wa Marangu au Ngaramtoni mwezi wa saba, ongeza wiki moja, na siku ya kwanza ya kuwatoa nje waingie ndani saa tisa alasiri, jua likiwa bado lina nguvu.